Kupima ubora wa maji Ghuba ya Tanga: mwongozo wa anayeanza

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, walimu wa sayansi na wanachama wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi na mwambao) huuliza maswali yale yale. Nichote maji wapi? Nichote saa ngapi? Chupa ya maji ya dukani inafaa? Mbona vipimo vya leo na vya mwezi uliopita havifanani hata kidogo, na kituo ni kile kile?

Swali hili la mwisho ndilo zito, na mara nyingi jibu lake ni bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Tanga hupita mita 3. Ukipima mbele ya mdomo wa Mto Sigi maji yakiwa yamejaa, unapima bahari. Ukirudi pale pale saa sita baadaye, unapima mto. Kwa hiyo namba isiyoandikiwa hali ya maji haina wa kulinganishwa naye, hata kama kifaa kilikuwa cha bei kubwa kiasi gani. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kufuata jambo hilo.

Kabla ya kuanza

Anza na vibali, maana huchukua muda kuliko kitu kingine chochote. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa mwaka 2009 na inachukua sehemu kubwa ya pwani ya Tanga, hivyo wasiliana na ofisi ya hifadhi mapema. Utafiti rasmi unahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Serikali ya mtaa na BMU ya eneo nao wajulishwe kabla hujashusha boti. Wavuvi wakikuona unachota maji karibu na nyavu zao bila taarifa, wana haki ya kukuuliza.

Vifaa:

- Boti ya faiba yenye injini, na nahodha anayeyajua mafungu na miamba ya ghuba. Jaketi okozi moja kwa kila mtu.
- Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Tanga, la mwaka huu.
- GPS, au simu yenye programu inayoonyesha latitudo na longitudo kwa desimali.
- Kipima oksijeni chenye kipimajoto, refraktomita ya chumvi, kipima pH, na bafa (vimiminika vya kurekebishia kifaa) za pH 4, 7 na 10.
- Sahani ya Secchi, ya kupimia maji yanaonyesha hadi kina gani: duara jeupe la sentimita 30, lenye uzito wa chuma au risasi wa kilo 2 chini yake. Kamba yake iwe haivutiki, na iwekwe alama kila sentimita 10.
- Chupa ya kuchotea maji ya kina, aina ya Niskin, ya lita 2 hadi 5.
- Chupa za plastiki ngumu za ml 250 kwa virutubisho (kama fosfeti), chupa zilizotakaswa za ml 500 kwa bakteria, na chupa nyeusi za lita 1 kwa klorofili (rangi ya kijani ya mimea midogo ya majini).
- Sirinji ya ml 60 na filta za mikroni 0.45.
- Deli mbili. Moja ya sampuli za bakteria, nyingine ya sampuli zilizobaki.
- Barafu iliyogandishwa ndani ya chupa zilizofungwa. Barafu ya vipande ikiyeyuka, maji yake huingia kwenye vifuniko vya chupa za sampuli.
- Glavu, penseli, tepu ya karatasi, fomu zilizochapishwa, na maji yaliyokenekwa (distilled) ya kusuuzia.

Tahadhari moja kuhusu hayo ya kusuuzia. Maduka ya vipuri huuza kwa jina la "maji ya betri" vitu viwili tofauti: maji safi ya kuongezea, na asidi. Soma lebo kabla ya kulipa. Hata yale safi yanatosha kusuuzia vifaa tu. Kwa sampuli tupu za maabara tumia maji yaliyotengenezwa maabara.

Hatua ya 1: Chagua vituo, na usiviache

Anayeanza hutaka vituo ishirini. Chukua sita unavyoweza kuvirudia kila mwezi kwa mwaka mzima, ili upate masika, vuli, kaskazi na kusi. Mpangilio unaofaa ghuba hii ni huu:

T1, mbele ya mdomo wa Mto Sigi.
T2, mbele ya mdomo wa Mto Mkulumuzi.
T3, karibu na mdomo wa mfereji au bomba la maji machafu la mjini.
T4, upande wa bandari na mwalo wa Deep Sea, palipo na boti nyingi.
T5, Raskazone, watu wanapoogelea.
T6, nje, upande wa Kisiwa cha Ulenge. Hiki ndicho kituo cha kulinganishia.

Mito ipewe uzito. Sigi na Mkulumuzi zinatoka kwenye mashamba na vijiji, na Tanga ni nchi ya mkonge. Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Sehemu iliyobaki hutoka korona (mashine ya kuchuna nyuzi za mkonge) kama maganda na maji machachu, na yakifika mtoni yanapooza hula oksijeni. Bila T1 na T2 hutajua kama tatizo limetoka mjini au limeshuka na mto.

Andika kila kituo kwa desimali, ukitumia mfumo wa WGS84. Kuna makosa mawili hapa. Kwanza, Tanga iko kusini ya ikweta, hivyo latitudo ni namba hasi (karibu -5.07). Ukisahau alama hiyo, vituo vyako vitaangukia kusini mwa Ethiopia. Pili, ramani za zamani za serikali hutumia mfumo wa Arc 1960, na ukichukua namba kutoka ramani hiyo ukaziingiza kwenye GPS bila kuzibadilisha, utakosea kwa karibu mita 300. Kwenye mdomo wa mto, mita 300 ni maji mengine kabisa.

Hatua ya 2: Panga siku kwa mwezi, si kwa wiki

Usiseme "kila Jumatatu ya kwanza". Sema "siku ya pili baada ya mwezi mpevu", au chagua siku yoyote ya bamvua na uishike hiyo hiyo. Siku za bamvua hapa maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu (katikati ya bamvua mbili, maji yasipojaa wala kupwa sana) mambo hugeuka, yakajaa karibu saa 4. Kila siku saa husogea mbele kwa takribani dakika 50, kwa hiyo jedwali ndilo la kufuata.

Kwa anayeanza, asubuhi ya bamvua ndiyo bora. Ukiondoka saa 1, maji yanatoka. Yanabeba ya mito na ya mjini kuja ghubani, na jua bado halijaua bakteria wengi. Anza T1 na T2 kwanza. Ukizichelewesha hadi karibu saa 4, maji yatakuwa yamekupwa na boti itakaa kwenye tope hadi yajae tena. Maliza na T6 jua likiwa limepanda, maana sahani ya Secchi huhitaji jua la juu.

Ukipata uwezo, ongeza safari ya pili ya mwezi wakati maji yanajaa. Usizichanganye safari hizo mbili kwenye wastani mmoja.

Hatua ya 3: Andaa chupa na vifaa siku moja kabla

Chupa za virutubisho zilowekwe usiku kucha kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, kisha zisuuzwe mara tano kwa maji ya maabara. Unapochanganya, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu sabuni nyingi zina fosfeti, na fosfeti ndiyo unayokwenda kupima. Kwa sababu hiyo hiyo chupa ya maji ya dukani haifai: hujui imekaa na nini.

Chupa za bakteria zitakaswe kwa otoklevu (chombo cha mvuke wa shinikizo), nyuzi joto 121 kwa dakika 15, vifuniko vikiwa vimelegezwa. Zikipoa, kaza. Zisifunguliwe tena hadi kituoni.

Kipima pH kirekebishwe asubuhi ya safari kwa bafa 7, kisha 10. Bafa 4 itumike kama unatarajia maji machachu ya mtoni. Maji ya bahari ya juu huwa karibu 8.0 hadi 8.2.

Refraktomita iwekwe sifuri kwa matone matatu ya maji yaliyokenekwa. Vioo vyake vingi vina vipimo viwili ubavu kwa ubavu, kimoja cha uzito wa maji na kingine cha chumvi kwa elfu. Soma cha chumvi.

Kipima oksijeni nakieleza kirefu, kwa sababu ndicho kinachowapotosha wengi. Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mto. Kwenye nyuzi joto 28, maji yasiyo na chumvi yakishiba oksijeni hufika karibu mg 7.8 kwa lita, na maji ya chumvi ya 35 kwa elfu hufika karibu 6.4. Vifaa vya bei nafuu havijui chumvi mpaka uviambie. Kwa hiyo pima chumvi kwanza, iingize kwenye kifaa, ndipo upime oksijeni. Usipofanya hivyo utaripoti bahari yenye oksijeni nyingi, hata mahali ambapo samaki wanataabika. Badilisha namba hiyo kila kituo, kwani chumvi ya T1 na ya T6 ni mbalimbali sana, hasa masika.

Hatua ya 4: Ukifika kituoni

Zima injini na uipandishe. Subiri moshi na mafuta viondoke na mkondo, dakika mbili au tatu. Fanya kazi upande wa omo, mkondo ukija kwako, ili maji unayochota yasiwe yamepita kwenye ubavu wa boti wala kwenye injini. Asivute sigara mtu yeyote botini siku ya sampuli, na aliyeshika chambo au samaki asiguse chupa, kwa maana vyote viwili huongeza amonia.

Jaza kichwa cha fomu kabla ya kugusa maji: kituo, tarehe, saa, kina, upepo, mawingu, mvua ya siku tatu zilizopita, na maji yanajaa au yanakupwa, na ni saa ngapi tangu yajae.

Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24. Saa 4 asubuhi ni 10:00. Kosa hili ni letu Waswahili, nalo limeharibu majedwali mengi. Mmoja anaandika 4:00, mwingine 10:00, na aliyekaa kwenye kompyuta hajui kama sampuli ilichotwa alfajiri maji yakiwa yamejaa au asubuhi yakiwa yamekupwa. Tofauti ni saa sita kamili, yaani kutoka kujaa hadi kupwa.

Hatua ya 5: Chota na upime kwa mpangilio huu

1. Bakteria kwanza, kabla hujavuruga maji. Vaa glavu, fungua chupa, izamishe mdomo ukiwa chini hadi sentimita 30, kisha igeuze mdomo uelekee mkondo. Usiisuuze. Acha nafasi ya vidole viwili juu, funga, weka kwenye deli lake.

2. Secchi. Simama upande wenye kivuli cha boti, vua miwani ya jua. Shusha sahani hadi ipotee, soma kamba. Ipandishe hadi ionekane, soma tena. Jibu ni wastani wa namba hizo mbili. Ikigusa chini bado unaiona, andika "zaidi ya" kina hicho.

3. Joto, chumvi, oksijeni na pH, kwenye nusu mita kutoka juu na kwenye mita 1 kutoka chini. Kama kifaa hakina waya mrefu, chota kwa Niskin na upime hapo hapo. Usiruke kipimo cha chini. Baada ya mvua maji ya mto huelea juu ya maji ya chumvi, na ukipima juu tu utaandika habari za mto ukidhani ni za ghuba.

4. Virutubisho. Chukua maji kwa sirinji iliyosuuzwa mara tatu kwa maji ya kituo hicho, yapitishe kwenye filta, mwaga ml 20 za kwanza, ndipo ujaze chupa. Usiijaze hadi mdomoni, kwa sababu itagandishwa na barafu hutanuka.

5. Klorofili. Chupa nyeusi ijazwe, ifungwe, iingie kwenye deli mara moja. Mwanga huiharibu.

Kila sampuli kumi, chukua moja ya pili kutoka mahali pale pale. Kila safari, beba chupa moja ya maji ya maabara, ifungue kituoni, ichuje kama nyingine na uirudishe. Hiyo ndiyo sampuli tupu. Ikionyesha fosfeti, uchafu umetoka kwako.

Kama hamna kipima oksijeni, njia ya Winkler bado ni ya kuaminika, na ni nzuri pia ya kukagulia kifaa. Jaza chupa ya ml 300 kwa mrija unaofika chini, acha maji yamwagike mara mbili ya ujazo wake, pasibaki povu. Ongeza ml 1 ya manganisi salfeti na ml 1 ya iodidi ya alkali, funga, geuzageuza. Ukipata mashapo ya kahawia, oksijeni ipo. Yakibaki meupe, maji hayana oksijeni. Weka gizani. Maabara, ongeza ml 1 ya asidi ya salfuriki kali, kisha chukua ml 201 na udondoshee sodiamu thaiosalfeti ya 0.025 M hadi rangi iwe njano hafifu. Weka wanga, endelea hadi buluu ipotee. Kila ml 1 uliyotumia ni mg 1 ya oksijeni kwa lita. Asidi hiyo ibaki maabara, isipande botini.

Hatua ya 6: Kurudi na kazi ya maabara

Bakteria hawasubiri. Kutoka kuchota hadi kufika maabara isizidi saa 6, kwenye baridi chini ya nyuzi 10 lakini bila kuganda. Panga na maabara kabla ya safari, usiwapigie simu ukiwa njiani.

Kwa maji ya bahari pima enterokoki, bakteria wa kinyesi. Huvumilia chumvi kuliko E. koli, na ndizo Shirika la Afya Duniani linazotumia kwa fukwe za kuogelea. Chuja kwenye filta ya mikroni 0.45: ml 100 kwa T5 na T6, ml 10 na ml 1 kwa T1 hadi T4. Weka kwenye agari ya mEI (chakula cha kuoteshea bakteria), nyuzi 41, saa 24. Hesabu koloni (madoa ya bakteria walioota) zenye duara la buluu. Koloni 32 kutoka ml 10 ni 320 kwa ml 100. Madaraja ya shirika hilo ni hadi 40, 41 hadi 200, 201 hadi 500, na zaidi ya 500 kwa ml 100. Madaraja hayo hutumika kwa sampuli nyingi za ufukwe mmoja, kwa kuangalia kiwango ambacho asilimia 95 yake haikivuki. Sampuli moja ya T5 yenye 300 haikuruhusu kutangaza kwamba Raskazone haifai kuogelea. Inakulazimu kurudi kupima.

Virutubisho vigandishwe kwenye nyuzi -20 siku hiyo hiyo. Klorofili ichujwe gizani, ml 500 hadi lita 1 kwenye filta ya nyuzi za kioo, ikunjwe kwenye karatasi ya foili na kugandishwa. Andika kwenye foili ujazo uliochuja. Bila namba hiyo filta ni ya kutupa.

Hatua ya 7: Ukitaka kuona viumbe nao

Maji hubadilika kwa saa, nyasi bahari hubadilika kwa miezi, kwa hiyo hukusanya historia ambayo chupa haiwezi. Mara nne kwa mwaka, maji yakiwa yamekupwa sana, tandaza kamba tatu za mita 50 zilizoachana mita 25. Kila mita 5 weka fremu ya sentimita 50 kwa 50, kadiria asilimia iliyofunikwa, taja aina, piga picha kutoka juu. Jumla ni fremu 33. Vaa viatu vya soli ngumu kwa ajili ya miiba ya urumba, na usikanyage ndani ya fremu.

Mambo yakienda mrama

Oksijeni inapanda na kushuka bila kutulia. Kuna povu kwenye kichwa cha kifaa, au maji hayapiti. Vifaa vya utando huhitaji maji yanayotembea, hivyo kitikise taratibu. Utando wenye mkunjo ubadilishwe.

Oksijeni ni zaidi ya 7.5 kila kituo. Angalia kwanza kama chumvi iliingizwa. Kama iliingizwa na ni mchana, kwenye nyasi nyingi au maji ya kijani, inaweza kuwa kweli, maana mimea hutoa oksijeni juani. Rudi alfajiri, ndipo utaona hali mbaya kuliko zote za siku.

Chumvi inasoma 38 au zaidi. Matone yamekauka juani kwenye kioo, au kioo hakikufutwa kituo kilichopita. Suuza, weka sifuri upya kivulini.

pH inachukua dakika tano kutulia. Kichwa kimekauka. Kiloweke kwenye maji yake ya kuhifadhia usiku mzima, kamwe si kwenye maji yaliyokenekwa.

Koloni haziwezi kuhesabika. Punguza ujazo hadi ml 1 au 0.1. Andika "zaidi ya", usikadirie.

Bakteria ni sifuri kila kituo, hata T3. Shuku kazi kabla ya kufurahi: deli liligandisha chupa, agari imepitwa na tarehe, au sampuli zilikaa juani. Mwagia maji ya T3 sahani moja ya ziada safari ijayo, iwe ya kukagulia agari.

Sampuli mbili za mahali pamoja zinatofautiana mara mbili. Kwa bakteria hilo hutokea. Kwa fosfeti halikubaliki: tafuta chupa isiyooshwa.

Ulikosa siku ya bamvua kwa sababu ya upepo wa kusi. Usiende kesho kutwa ukajaza safu ile ile. Acha nafasi wazi kwenye jedwali, andika sababu, subiri bamvua inayofuata baada ya takribani siku 15.

Ukiingiza namba kwenye kompyuta, kila kipimo kipate mstari wake: kituo, tarehe, saa, hali ya maji, kina, kifaa, namba. Fomu za karatasi zipigwe picha jioni ile ile kabla hazijachanika, na nakala ya matokeo ya kila kituo ipelekwe kwa BMU ya hapo, ikiwa na maelezo ya Kiswahili ya ukurasa mmoja.